Tulimngoja Ndoyi wa Gulnora

Kerosini ya ndege ikiingia nguoni haitoki. Unaweza kufua kwa sabuni ya mawese, ukaanika juani, ukapiga pasi ya makaa, na bado Jumapili kanisani mtu wa benchi la mbele atageuka kukutazama. Nyumba yetu ya Beni, upande wa Mulekera, ilinuka kerosini kuanzia sebuleni hadi jikoni, kwa kuwa baba alisimamia upakiaji wa mizigo kwenye uwanja wa ndege na kila jioni alirudi na harufu hiyo mwilini. Katika msimu ninaotaka kuusimulia, harufu ya pili ilijiunga na ile ya kwanza: chai ya majani ya kijani, isiyo na sukari wala maziwa, ikichemka kwenye sufuria yetu ya maharage. Naanza na harufu kwa makusudi. Nimechoka kuanza na jina.

Mdogo wangu anaitwa Kahindo Gulnora, na tangu nikiwa msichana wa darasa la tano hadi leo mvi zinaponichungulia, sijapata kulitaja jina hilo mara moja likatosha. Karani wa komuni aliuliza kama ni la dawa. Mwalimu aliuliza kama ni la Kirusi. Muuguzi mmoja wa Butembo, mwanamke mzima mwenye miwani, aliniuliza kama wazazi wetu walilisoma kwenye chupa ya losheni. Upande wa Kahindo hauna taabu. Kila mtu wa kabila letu la Wanande anajua kwamba msichana anayezaliwa baada ya wavulana kufuatana huitwa Kahindo, na kwa jina hilo tu mtu wa Lubero asiyewahi kukuona anaweza kukisia nyumba yenu ina kelele kiasi gani. Mimi ni Masika, binti wa kwanza; nikafuatwa na wavulana watatu waliovunja kila kilichovunjika; kisha akaja yeye. Majina yetu ndivyo yalivyo, yanakupanga kwenye foleni, hayakubembelezi. Hilo la pili, Gulnora, ndilo linalonipa kazi, na leo nalieleza kwa maandishi ili atakayeuliza tena nimpe karatasi asome, nami niendelee na shughuli zangu.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Kongo. Barabara zilikuwa na vizuizi vya askari kila kona, na kila kizuizi kilikuwa na njaa, kwa hiyo mizigo ilisafiri kwa ndege: maharage na vitunguu vya Butembo, mawese, chumvi, sabuni, hata mbuzi waliofungwa miguu. Ndege zenyewe zilikuwa kuukuu, na walioziendesha walitoka nchi za mbali ambazo sisi kwa uvivu wetu tuliziita zote Urusi. Watu wazima waliopita nyumbani kwetu msimu ule walikuwa na msemo mmoja tu: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Waliusema wakikaribishwa kiti, wakausema tena wakiaga, kana kwamba sisi nyasi tulikuwa hatujapata habari. Nilikuwa mtoto, lakini nilishajua kuchoshwa na methali.

Siku moja ndege moja ikaharibika injini ikiwa imeshatua, na rubani akaondoka na nyingine kwenda kutafuta kipuri upande wa Uganda. Aliyeachwa kuilinda ni fundi wake. Baba, ambaye hakuwahi kukataa mgeni wala kumuuliza mama kwanza, akamleta nyumbani na kumpa chumba cha nyuma tulichokuwa tukihifadhia magunia. Aliitwa Rustam. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye meno mawili ya dhahabu, na alisalimia kwa kuweka kiganja kifuani na kuinama kidogo, hata akimsalimia kaka yangu mdogo ambaye wakati huo hakuwa na suruali. Mtaa mzima ukamwita Murusi. Hilo lilimkera kuliko mbu. "Hapana Murusi," alikuwa akisema, akijigonga kifua. "Miye Mutajiki. Tajikistani!" Watu wakaitikia kwa adabu, "Ndiyo, Murusi." Baba mwenyewe aliamini kwamba Tajikistani ni kijiji cha Urusi, kama vile Maboya ilivyo kijiji kwetu, na hakuna kilichomtoa kwenye imani hiyo.

Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Rustam hakungoja kupewa. Alitengeneza taa, redio na bawaba ya mlango ambayo baba alikuwa akiahidi kuitengeneza tangu nizaliwe. Alikuwa na bakuli dogo la udongo la kunywea chai, limechorwa matunda mekundu yenye taji kichwani, na hakuna aliyeruhusiwa kuliosha ila yeye. Mkate ukiwekwa mezani kifudifudi aliugeuza taratibu, bila kumlaumu mtu, kwa sababu kwao mkate haulazwi uso chini. Nilipomuuliza kwa nini alikuja kufanya kazi kwenye vita vyetu, alinionyesha kwa mikono na maneno machache kwamba kwao pia vilikuwepo, na kwamba fundi wa ndege huenda ndege ilipo. Alilisema hilo kama mtu anayesema mvua inanyesha.

Katikati ya hayo mama akajifungua. Mtoto alikuwa mzima, mwenye sauti kubwa, na kwenye shavu la kushoto alikuwa na alama nyekundu iliyotoka chini ya jicho ikateremka hadi kidevuni, nyekundu kabisa, kama mtu aliyepakwa mawese na kusahau kufutwa. Mkunga aliitazama, akamfunika mtoto. Wanawake wa mtaani walipokuja kumwona mzazi waliinua kitambaa, wakakishusha, wakaanza kuzungumzia bei ya mihogo. Nje ya ua ndipo walipozungumza. Wengine walisema mama aliona damu njiani akiwa mjamzito. Wengine walisema mtoto amekuja na habari ya vita ambavyo havijafika. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta nikichambua mchele na nilisikia yote, na nakumbuka hasira iliyonipanda, kwa sababu wanawake haohao walikuwa wamekula uji wetu wa uzazi na kuomba waongezwe.

Habari ikafika Butembo haraka kuliko malori, na baada ya habari akafika Tantine Felista, dada mkubwa wa baba. Alitoka Bulengera, mtaa wake wa Butembo, kwa pikipiki, akapita vizuizi vyote akiwa na kuku mkononi, na kuku huyo alifika mzima, jambo linalokuonyesha alikuwa mwanamke wa namna gani. Alikuwa ndoyi wangu, yaani wajina wangu: mimi ni Masika Felista kwa sababu yake. Kwetu undoyi si mchezo. Mtu uliyepewa jina lake ana haki juu yako kama mzazi, na upande wa baba walikuwa na sharti la ziada, kwamba mwili wa mtoto haukatwi, hautobolewi wala hauchanjwi kwa dawa za kienyeji mpaka ndoyi wake ameulizwa, maana linalompata mmoja humgusa na mwenzake. Mama alipowahi kunitoboa masikio bila kumwambia, Tantine alikaa sebuleni kwetu amenuna hadi alipoletewa kuku wa kumtuliza. Alilisimulia jambo hilo kila Krismasi.

Tantine alimfunua mtoto, akamwangalia muda mrefu, kisha akatoa hukumu. "Ile alama itachomwa," alimwambia baba. "Kule Bulengera kuko mama moja iko na dawa ya muti. Anapakala, ngozi inatoka, inaisha. Lakini ni mbele meno haijaota." Nilimjua mtu aliyewahi kupakwa dawa hiyo mkononi. Ngozi ilitoka kweli, na nyama nayo, na mkono ule ulibaki umekunjamana kama gome. Hapa tulikuwa tunazungumzia shavu na jicho la mtoto ambaye hata shingo haijakaza. Mama alikuwa bado dhaifu kitandani. Alimvuta mtoto karibu na kusema hapana. Tantine akamwambia kwamba mwanamke mzazi hana akili timamu, na kwamba msichana mwenye uso ule hataolewa, na vita vikija askari watamnyooshea kidole. Baba aliulizwa anasemaje. Baba akasema, "On verra." Tutaona! Mtu aliyeweza kusimama mbele ya askari wenye bunduki na kubishania nafasi ya magunia ya maharage, mbele ya dada yake alikuwa na maneno mawili tu, tena ya Kifaransa. Hadi leo sijui nani alinichosha zaidi wiki ile, mwenye dawa au mwenye tutaona.

Rustam alikuwa hajamwona mtoto, kwani kwa adabu za kwao hakutaka kuingia chumba cha mzazi. Mama alipopata nguvu ya kukaa uani juani, Rustam alipita akitoka kisimani, akaweka kiganja kifuani, akainama, na mtoto akageuza shavu. Ndoo ikamtoka mkononi. Sote tulidhani ameogopa kama wengine. Badala yake alicheka, meno ya dhahabu yote nje, akapiga makofi na kusema, "Gulnora! Huyu Gulnora!" kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu kituo cha basi. Tantine alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani anamtukana mtoto.

Ndipo yalipoanza maelezo yaliyotumaliza nguvu. Rustam alitaka kutuambia kwamba Gulnora ni ua la tunda fulani, na tunda lenyewe hatukuwa nalo. Alinituma sokoni. Nikaleta nyanya: hapana. Nikaleta prini, yale matunda mekundu ya umbo la yai yanayotoka milima ya Lubero: akasema rangi ndiyo, tunda hapana. Akachukua marakuja, yaani pasheni, akalipasua, akatuonyesha mbegu zilivyojaa, akasema ndani hivi, nje vile, akajaribu kuliunganisha prini na marakuja kwa vidole mpaka maji yakamchuruzika hadi kwenye viwiko. Kaka zangu wakala ushahidi wote. Mwishowe alikimbilia chumbani akaleta lile bakuli lake, akagonga yale matunda yaliyochorwa, gonga, gonga, huku anatutazama kama mwalimu aliyekata tamaa na darasa zima. Tantine akasema hayo ni vitunguu.

Aliyetuokoa ni Mzee Ramazani, muuza vitambaa wa soko la Beu, aliyekuwa amekuja kumdai baba nafasi kwenye ndege. Alikuwa Mwislamu tajiri aliyewahi kwenda Maka, na alipoona bakuli alicheka. "Hii ni komamanga," alisema. "Nilikula kule. Na ninyi Bakristo iko mu Maandiko yenu, ku vazi ya kuhani mukubwa, kule chini ku pindo." Alijua maneno kadhaa ya kuelewana na Rustam, maneno ya sala na salamu, na kwa hayo pamoja na mikono wakakaa uani wakajenga maelezo kama watu wawili wanaobeba kabati. Kwa Watajiki, tukaambiwa, mtoto akizaliwa na alama nyekundu hupewa jina la komamanga. Akiwa mvulana lipo la kwake, akiwa msichana huweza kuitwa Gulnora, ua la mkomamanga. Wazee wa kule husema alama ikishaitwa kwa jina lake hutulia. Haitambai, haimfuati mtoto na balaa. Usipoiita, ndiyo inayokasirika. Tena dada mkubwa wa Rustam, yule aliyemlea baada ya mama yao kufa, alikuwa nayo shingoni, na aliitwa Gulnora, na alikuwa na watoto na bustani na mdomo mkali.

Tantine alichukua Maandiko yake, akavaa miwani, akatafuta hilo vazi la kuhani. Makomamanga yalikuwepo. Alifunga kitabu, na nilimwona amekasirika, kwa kuwa hakuna kinachomuudhi mcha Mungu kama kukuta Mungu yuko upande wa mwenzake. Akasema vizuri, jina ni zuri, lakini jina ni jina na alama ni alama, Jumatatu mtoto anakwenda Bulengera. Hapo mama, ambaye tangu alale kitandani hakuwa amesema zaidi ya hapana, akainua kichwa. Alizungumza polepole, karibu kwa upole. "Basi, dada Felista, jina nimeshamupatia. Huyu ni Gulnora, na ndoyi wake ni ule dada ya Rustam. Mutu hapana guse mwili yake mpaka bamuulize kwanza ndoyi. Si ni ninyi mulitufundisha?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzee Ramazani aliangalia viatu vyake. Baba alikohoa. Tantine akanitazama masikio, akakumbuka kuku. Angeweza kusema sharti halivuki mpaka wa nchi, lakini alikuwa mwanamke wa kufuata sheria zake mwenyewe, hilo namsifu hadi kesho. Akamgeukia Rustam na kumwelekezea mwiko. "Donc basi, umuulize dada yako. Muambie tunaomba ruhusa."

Sasa jaribu kufikiri namna ya kuomba ruhusa Tajikistani ukiwa Beni wakati wa vita. Simu hazikuwepo. Kwenye uwanja wa ndege kulikuwa na redio ya mawasiliano, ile tunayoiita phonie, iliyofika Goma ikiwa na afya na Butembo ikiwa mgonjwa. Rustam aliwaomba marubani waliopita wapeleke neno: mmoja akasema atamwambia rafiki yake wa Entebbe, ambaye angemwambia mtu mwingine, ambaye huenda angepiga simu. Kila jioni baba alipoingia na kerosini yake, Tantine alikuwa mlangoni. "Alisha kujibu?" Bado, Tantine. "Mais lakini ni dada gani huyu asiyejibu batu?" Hakurudi Butembo. Alikaa kwetu akila sombe yetu ya kisamvu, akikosoa chumvi, akipanga upya sufuria za mama, akingoja mwanamke wa upande mwingine wa dunia amruhusu kumchoma mtoto. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia ni yetu. Lakini katika kungoja ilibidi mtu ambebe mtoto mama akipumzika, na mtu huyo alikuwa yeye. Alimwogesha, akamkanda kwa mawese, akamwimbia kwa Kinande nyimbo ambazo mimi, ndoyi wake halali, sikuwahi kuimbiwa. Niliona wivu na niliona pia dawa ikisogea mbali, sikujua nishike lipi.

Kipuri kikaja wakati uleule milio ya bunduki ilipoanza kusikika upande wa msitu. Rustam alifanya kazi bila kulala, na ndege ikawa tayari kuondoka kabla uwanja haujafungwa. Alipita nyumbani amekimbia, akaweka kiganja kifuani kwa kila mmoja wetu, akampa mama lile bakuli, akagusa shavu la mtoto kwa ncha ya kidole chenye grisi. Tantine hata hakumuaga. "Hapana sahau jibu!" alimpigia kelele hadi njiani. Rustam akainua mkono kuonyesha amesikia. Sisi tuliondoka baadaye kidogo na umati, kuelekea Butembo, tukiwa na godoro, sufuria na kuku wa Tantine ambaye hakuna aliyethubutu kumchinja.

Nakumbuka vumbi la njia ile, na baridi iliyoanza kutuuma tulipopanda mlima wa Kabasha, na harufu ya mikaratusi ikichukua nafasi ya kerosini. Mama hakuweza kubeba kitu. Mtoto alikuwa mgongoni kwa Tantine. Kwenye kizuizi kimoja askari, kijana aliyelewa mchana, alifunua kitambaa kwa mtutu na kuruka nyuma. "Mama, oyo nini? Mutoto gani iko na damu ku uso? Muliua mutu?" Wenzake wakasogea. Baba alikuwa nyuma na godoro kichwani, na nilijua kama atasema neno lolote atasema tutaona. Nilimtazama Tantine, nikawaza: huyu ndiye aliyesema askari watamnyooshea kidole, na sasa atasema aha, niliwaambia.

Tantine alisimama wima. "Damu?" alisema. "We mwana, wewe haujasoma? Hii ni komamanga. Iko mu Maandiko. Kwa batu ba Tajikistani mutoto sawa huyu anapata jina ya komamanga, na ndoyi wake iko kule, na ni mutu mukubwa, na tunangojea neno yake." Kisha akaanza kumweleza: vazi la kuhani, pindo, bakuli, prini na marakuja, Mzee Ramazani na safari ya Maka, dada mwenye alama shingoni. Askari alijaribu kumkatiza. Tantine akamwambia asikatize watu wazima. Alijaribu kumwachia kamanda wake, na kamanda naye akaelezwa kuanzia mwanzo. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu na watu walianza kunung'unika, na mwishowe kamanda akapunga mkono kwa uchovu ambao niliutambua, kwa kuwa ulikuwa uchovu wetu wa kila siku. "Mama, pita. Pita tu." Hawakuchukua kitu, hata kuku. Tulipokuwa tumeshapita nilimwambia Tantine asante. "Asante ya nini?" aliniuliza. "Dawa iko palepale. Tunangojea tu jibu."

Na tuliendelea kungoja. Tulikaa Bulengera nyumbani kwake, hatua chache kutoka kwa yule mama wa dawa, ambaye alipita kila asubuhi na kumsalimia mtoto kwa macho ya mteja. Meno yakaota. Tantine akasema hata mtoto wa kutambaa anaweza kuchomwa, jibu likija. Mtoto akaanza kutembea, akaanza shule, akapata komunyo ya kwanza kwa jina la Marie, kwa sababu padri hakutaka habari za maua. Baba aliwauliza marubani kila aliporudi kazini, na wengine walimjua Rustam mmoja wa Kazakistani, na wengine walisema wenzao kadhaa walianguka na ndege zao msituni na hawakutaka kutaja nani. Sijui kama yule dada aliwahi kuulizwa. Sijui kama aliwahi kujua kwamba kulikuwa na msichana Butembo ambaye ngozi yake ilikuwa mikononi mwake. Gulnora alitaniwa na wenzake shuleni, bila shaka, na alikuja kulia kwangu mara nyingi, nami nikaenda kupiga watoto wa watu; lakini alipoulizwa una nini usoni alikuwa na jibu, na mtoto mwenye jibu haanguki kirahisi. Jibu lenyewe lilikuwa refu, kwa vile alilirithi kwa Tantine.

Sasa mimi ni mfanyabiashara, na kama wafanyabiashara wengi wa Butembo nakwenda Dubai kununua vitambaa. Safari iliyopita nilipita sokoni nikaona makomamanga yamerundikwa kama viazi, yana taji kichwani kabisa kama kwenye bakuli la mama, na muuzaji alinishangaa nilivyosimama pale nikilia na mabegi mkononi. Nikanunua. Nilipambana na watu wa forodha wa nchi tatu kwa ajili ya matunda yale, nikimweleza kila mmoja, mpaka nikajisikia sauti imekuwa ya Tantine. Nilipofika Bulengera, Gulnora alikuwa uani ananyonyesha, alama yake imekaa palepale ilipokuwa, haijatambaa kokote. Tantine alikuwa kwenye kiti chake, macho yamefifia, miguu imevimba, ulimi mzima. Barabara ya Beni bado si ya kuiamini. Wanaokimbia bado wanapita mbele ya nyumba ile na magodoro kichwani, na watu bado wanawaambia habari za tembo na nyasi. Watoto wa siku hizi wanapewa majina yaliyookotwa kwenye simu, na masikio yanatobolewa bila kuku yeyote kupata hasara. Kwa hilo la mwisho sijui kama tumeendelea au tumepotea.

Tulipasua tunda kwa kisu cha jikoni. Mbegu tupu! Miaka yote hii ya maelezo, kumbe ni tunda la kazi nyingi na chakula kidogo, na maji yake yakarukia blauzi yangu mpya. Gulnora alichukua kipande akakiweka karibu na shavu lake ili nilinganishe, na rangi ilikuwa ileile, hasa. Alimpa Tantine mbegu kiganjani. Tantine akatafuna polepole, akatema kokwa, akauliza hii ni nini. Tukamwambia. Akaelekeza macho yake yaliyofifia upande wa sauti ya mdogo wangu.

"Inatoka kwa ndoyi wako?"

Gulnora alinitazama. "Ndiyo, Tantine."

"Donc alisha kujibu. Alisema nini?"

"Alisema hapana guse."

Tantine alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wake, akapitisha kidole gumba juu ya alama yote, kuanzia chini ya jicho hadi kidevuni, kama alivyokuwa akimkanda kwa mawese. Kisha akafyonya.

"Mais si angesema mapema."